Siku 50 za Krenz: Alivyokabidhiwa dau likizama

Ukiambiwa kinara wa vijana nchini ana miaka 46, utacheka ama utalia? Ujerumani Mashariki haikuwa mzaha. Egon Krenz aliongoza FDJ, jumuiya ya vijana ya utawala wa kikomunisti, tangu 1974 hadi 1983. Alipotoka hapo akaingia Politburo, na kila mtu akajua ndiye mrithi wa mkuu wa chama, Erich Honecker.

Urithi huo ulikuwa na bei. Mei 1989, Krenz alisimamia tume ya uchaguzi wa mabaraza ya mitaa. Akatangaza kwamba asilimia 98.85 ya kura ziliunga mkono wagombea wa serikali. Shida ni kuwa wanaharakati walikuwa wameketi vituoni wakihesabu wenyewe, na hesabu zao zilikataa kulingana na hizo. Juni, China ilipowaua waandamanaji Beijing, jamaa akaitetea.

Oktoba 18, wakuu wa chama walimng'oa Honecker, Krenz akakalia kiti. Aliahidi mageuzi, lakini nani angemwamini mtu wa asilimia 98.85? Novemba 4, mamia ya maelfu ya watu walifurika Alexanderplatz, Berlin.

Siku tano baadaye, Krenz alimpa mwenzake Günter Schabowski karatasi ya kanuni mpya za usafiri awasomee wanahabari. Alipoulizwa zinaanza lini, Schabowski alipekua karatasi zake akajibu: mara moja. Watu wakamiminika mpakani, na usiku huo Ukuta wa Berlin ukafunguka.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kufikia Desemba 6 Krenz alikuwa ameachia vyeo vyote vya juu. Januari 1990 chama kikamtimua. Mnamo 1997 korti ikamhukumu miaka sita na nusu jela kwa sababu ya watu waliouawa wakijaribu kuvuka ukuta.

Tumpe haki yake: vuli hiyo askari hawakufyatulia umati risasi, naye hakuwaamuru wafyatue. Hilo si dogo. Ila alipanda ngazi kwa kuwaridhisha wa juu, na siku alipowahitaji wa chini, hakuwa na akiba yoyote kwao.

Wewe barobaro unayeahidiwa kiti cha kesho, hebu uliza kwanza: leo unakilipia nini?