Kisima si Bwawa: Tarakilishi na Uhariri wa Riwaya ya Kiswahili

Imekuwa desturi kuwaaminisha waandishi chipukizi kwamba programu za tarakilishi zimeondoa haja ya mhariri. Dai hili huwavutia hasa walio mbali na ofisi za wachapishaji. Mwandishi wa Kitengela, mji uliohesabiwa watu zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019, au wa Kajiado, mbele zaidi kwenye barabara ya Namanga, huambiwa kwamba programu ikishampangia sura na kumkagulia tahajia, mswada wake umekamilika. Dai hilo ni la kupotosha, na gharama yake humwangukia mwandishi mwenyewe.

Yafaa ikubaliwe kwamba programu hizi zina manufaa. Huhamisha sura bila kunakili upya, huhifadhi nakala za awali, na hutunza maelezo ya wahusika. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza pale mashine inapokabidhiwa sentensi.

Chukuliwe mfano wa riwaya kuhusu wafugaji wa Kajiado, yenye sentensi hii: "Kisima kilichochimbwa na wazee kilikuwa kikubwa." Mwandishi akiamua kwamba kisima kiwe bwawa, huamuru mashine ibadilishe neno hilo mswada mzima. Matokeo ni: "Bwawa kilichochimbwa na wazee kilikuwa kikubwa." Neno moja limebadilika, matatu yanayolitegemea yamebaki katika ngeli ya zamani. Kikagua tahajia nacho hakioni kosa, kwa kuwa kila neno, likisimama peke yake, ni sahihi. Zaidi ya hayo, "visima" vyote vimesalia, maana wingi wa Kiswahili hubadilika mwanzoni mwa neno. Mhakiki atakayesoma mswada huo atamlaumu mwandishi kwa kutojua sarufi, ilhali kosa limezaliwa na chombo kisichojua upatanisho.

Wapo wanaodhani kwamba kutafsiri programu ni dawa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye amri za Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua ya kuheshimiwa. Hata hivyo, kuandika amri kwa Kiswahili ni jambo moja, na kuifundisha mashine ngeli ni jambo jingine. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi ya uchanganuzi wa maneno ya Kiswahili kwa tarakilishi katika miaka ya 1980. Kazi hiyo yaonyesha kwamba lugha hii hudai utafiti wake yenyewe.

Watetezi watajibu kwamba akili mnemba ya leo hurekebisha upatanisho. Na iwe hivyo. Lakini je, itauliza kama kisima na bwawa ni kitu kimoja katika nchi ya ukame? Kisima kina waliokichimba na zamu ya kunyweshea mifugo. Bwawa husubiri mvua. Mgogoro wa riwaya uliojengwa juu ya zamu hiyo huporomoka, hata sentensi zikiwa safi.

Kwa hiyo idara za fasihi zifundishe uhariri wa miswada kama somo kamili, na wachapishaji wawalipe wahariri wanaosoma mswada toka mwanzo hadi mwisho. Mwandishi wa Kitengela anastahili msomaji huyo kabla ya kuhukumiwa.