Mpiga solo azomewa Kinondoni, kisa uzi wa kitanzi!

Mpiga solo wa bendi moja ya dansi Kinondoni (jina kapuni) kazomewa wikendi hii baada ya uzi kuchomoka katikati ya sebene. Mtandaoni wanasema kaishiwa. Jamani, mnamwonea! Bosi wake, mwenyewe anajijua, alimletea nyuzi za kitanzi, zile za banjo na mandolini, eti bei chee. Gitaa linataka zenye kigololi cha shaba mwishoni, ndicho kinachonasa pale chini. Kitanzi kitashika wapi? Wajanja huchukua kigololi cha uzi uliokatika, wanakipachika ndani ya kitanzi, shoo inaenda. Ila nyuzi za banjo nyembamba, solo inalia kama mbu. Halafu posho kakatwa dogo! Wadau, wa kuzomewa hapo nani?