KUBOMOA KUBA SI KUFUTA KUMBUKUMBU

 

Ndugu Waislamu, katika mwezi wa Shawwal uliopita, baada ya Swala ya Alasiri, alitufikia msikitini mzee mmoja kutoka upande wa Tanga. Alikuwa amesafiri kwa basi siku mbili. Alitueleza kuwa babu yake alifika Shinyanga baada ya reli ya Tabora hadi Mwanza kukamilika mwaka 1928, akafundisha Qur'an chini ya mti, akafa na kuzikwa huku. Baba yake alimuusia kwamba siku akijaaliwa uwezo, aje amsalimie babu yake na kumwombea dua. Akatupa na alama: jiwe jeusi kichwani, lenye ufa katikati, hatua chache kutoka kwenye mwembe mkubwa.

Tuliinamisha vichwa. Mwembe upo. Jiwe halipo, na aliyeliondoa tunamjua, kwani ni sisi.

TULIPOPATIA NA TULIPOKOSEA

Takriban miaka kumi iliyopita tulirejea kutoka masomoni tukiwa na ari ya kuihuisha Sunna. Katika makaburi ya mji wetu palikuwa na kaburi moja lililojengewa kijumba, likafungwa vitambaa na bendera, na watu wakilifukizia ubani na kuliwekea nadhiri ili wapate watoto, mvua au dhahabu. Tuliwaelimisha wazee kwa muda mrefu, nao wakaridhia kijumba kibomolewe. Katika hilo hatujuti. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Na imepokewa na Muslim tena kwamba Ali (r.a.) alimtuma Abul-Hayyaj al-Asadi kwa jambo lile lile alilotumwa yeye na Mtume, la kutoacha kaburi lililonyanyuliwa ila alisawazishe.

Lakini siku ile vijana walipomaliza kijumba hawakuishia hapo. Waligeukia makaburi mengine, wakang'oa kila jiwe lililosimamishwa kichwani, wakayabeba kwa mkokoteni na kuyatupa korongoni. Sisi tuliokuwa walimu wao tulisimama tukitazama, na baadhi yetu tukaleta takbira. Tulidhani tunakamilisha Sunna, kumbe tulikuwa tunaondoa jambo ambalo Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilifanya.

Amepokea Abu Dawud kwamba alipozikwa Uthman bin Madh'un (r.a.), Mtume (s.a.w.) alimwamuru mtu alete jiwe. Mtu yule akashindwa kulibeba, basi Mtume akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba yeye na kuliweka upande wa kichwa, akaeleza kuwa kwa jiwe hilo atalitambua kaburi la ndugu yake na kuzika hapo watakaofariki katika jamaa zake. Hadithi hii tuliisoma darasani kwa Kiarabu, tukaihifadhi, tukafanyia mtihani. Siku ya kuifanyia kazi hatukuikumbuka.

WALIOLALA KATIKA ARDHI YETU

Mtu akiuliza leo ni nani mashuhuri aliyezikwa katika ukanda huu wetu wa Shinyanga na Geita, jibu la haraka litakuwa Chato, alikozikwa Rais John Magufuli tarehe 26 Machi 2021. Hilo linajulikana na kila mtoto. Msomaji wa historia atataja pia Usambiro, kusini mwa Ziwa, alikofia mmisionari Alexander Mackay Februari 1890. Wenzake hawakumsahau. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala, na mpaka leo habari zake zinasomwa.

Sisi Waislamu je? Msafara wa Stanley ulipofika Kageye, pwani ya kusini ya Ziwa, Februari 1875, ulikuwa umepoteza watu wengi njiani, na wengi wa mahamali wake walikuwa watu wa Unguja na Mrima. Mwingereza Frederick Barker alifia Kageye mwaka huo huo, na kaburi lake limetajwa vitabuni. Katika wale mahamali hatuna hata mmoja tunayemtaja katika madrasa zetu. Desemba 1877, wamisionari Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe pamoja na Songoro, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa na makazi huko. Wawili wa mwanzo wana historia ndefu, ilhali Songoro hutajwa kwa mstari mmoja, tena ndani ya habari zao.

Kisha wakaja wengine. Walikuja wafanyabiashara kutoka Unyanyembe kupitia Kahama na Ushirombo, Wamanga wenye maduka, mafundi wa reli, na vibarua wa almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940. Wakaja wachimbaji wa mgodi wa zamani wa Geita, ule uliofungwa mwaka 1966. Miongoni mwao walikuwemo walimu wa Qur'an ambao hawakulipwa mshahara na mtu yeyote. Wasukuma na Wasumbwa waliosilimu mikononi mwao ndio babu zetu. Sisi tunaosoma Fatiha leo tumeipokea kutoka vinywani mwao, na hatujui walipolala.

Wala asidhani mtu kwamba mashuhuri ni mwenye cheo tu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) habari ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, na katika mapokezi mengine ametajwa kuwa ni mwanamke mweusi. Alipofariki, Masahaba walimzika bila ya kumjulisha Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume (s.a.w.) akawauliza kwa nini hawakumwambia, akataka aoneshwe kaburi lake, akaenda kumswalia. Tuzingatie hapa: lau Masahaba wasingelijua kaburi lile, wangemwonesha nini?

USAHAULIFU NI MLANGO WA SHIRK

Watakuwepo wenye hofu njema watakaotuambia: "Enyi walimu, mkianza kutaja makaburi ya watu, mnafungua tena mlango tulioufunga." Hofu hii tunaiheshimu, kwani nasi tulikuwa nayo. Lakini tuitazame Suratu Nuh, aya ya 23, panapotajwa Wadd, Suwaa, Yaghuth, Ya'uq na Nasr. Ameeleza Ibn Abbas (r.a.), kama alivyopokea Bukhari, kuwa hayo yalikuwa majina ya watu wema wa kaumu ya Nuh. Walipokufa, shetani aliwashawishi watu wasimamishe masanamu katika vikao vyao na kuyaita kwa majina yao. Hayakuabudiwa wakati huo. Yaliabudiwa baada ya kizazi kile kuondoka na elimu kusahaulika.

Basi maradhi yana sehemu mbili: kusimamisha kilichokatazwa, na kupotea kwa elimu. Sisi tumepambana na sehemu ya kwanza tukaisaidia ya pili. Kaburi lisilojulikana habari zake ndilo linalozushiwa karama. Hata kile kijumba tulichokibomoa, tulipowauliza wazee ni nani aliyezikwa pale, kila mmoja alisema lake: huyu alisema ni sharifu wa Hadhramaut, yule alisema ni mganga, na mwingine alidai hakuna mtu chini yake. Lau ingeandikwa kwamba hapa amelala fulani, alikuwa mwalimu wa watoto, akiogopa deni na kuchelewa swala, nani angemwomba mvua? Angemwombea yeye maghufira.

Wanazuoni wetu walilijua hili. Ibn Saad aliandika Tabaqat. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, aliandika katika Tarikh Baghdad habari za watu zaidi ya 7,000, akitaja kwa wengi wao walipofia na makaburi walimozikwa. Hakuwajengea makuba. Aliwahifadhi kwa wino. Na katika zama zetu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, Allah amrehemu, amezikwa Mangapwani, Unguja, tarehe 2 Machi 2024, wala kaburi lake haliko kwetu. Lakini watu wa Shinyanga wanajua kwamba mwaka 1977 aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa kubeba dhamana ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ingawa yeye hakutenda. Somo hilo la amana limetufikia kwa sababu liliandikwa.

DHAHABU NA MAKABURI

Jambo hili si la historia peke yake. Ardhi yetu ina dhahabu, na dhahabu haichagui mahali. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi ukafanya kazi kuanzia 2009 hadi 2021. Miji imepanuka, barabara zimepanuliwa, na wachimbaji wadogo wanahama kutoka mlipuko mmoja hadi mwingine. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu makaburi kuhamishwa ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, na imeweka utaratibu wa kutoa taarifa kwa wenye kuhusika. Lakini ni nani atakayejitokeza kuwa ni mhusika wa kaburi lisilo na jina, lisilo na jiwe wala daftari?

Kuhamisha maiti kwa dharura kuna asili katika dini yetu. Bukhari amepokea kuwa Jabir (r.a.) alimhamisha baba yake, shahidi wa Uhud, baada ya miezi sita, kwa kuwa alizikwa pamoja na mtu mwingine. Naye Imamu Malik ameeleza katika Muwatta kwamba baada ya miaka 46 mkondo wa maji ulifikia kaburi la mashahidi wawili wa Uhud, wakahamishwa. Waliwezaje kujua ni akina nani? Walijua kwa sababu umma ule ulikuwa unawajua wafu wake.

Tusisahau pia msiba wa Kanda hii ya Ziwa. Kuanzia mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa kwa imani za kishirikina, na baadhi ya makaburi yao yakafukuliwa, hata familia nyingine zikalazimika kumwaga zege juu ya kaburi. Asiwalaumu mtu kwa haraka. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wameitoa katika katazo la kujenga hali ya kuchelea kaburi kufukuliwa. Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika Hadithi ya Bi Aisha (r.a.) kwa Abu Dawud, kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Makaburi yenye kichaka, yasiyo na ua wala mlinzi, ni makaburi yaliyoachiwa wezi.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza kwa misikiti yetu yote mambo manne.

1. Kila msikiti uwe na daftari la makaburi: jina la marehemu, jina la baba yake, alikotoka, kazi yake, tarehe ya kufa na mahali kaburi lilipo. Kwa kuwa katika mapokezi ya Tirmidhi imekatazwa pia kuandika juu ya kaburi, tuandike katika daftari, na juu ya kaburi tuweke jiwe tu.

2. Wazee wetu waliobaki waulizwe kabla hawajaondoka. Mwanafunzi wa madrasa aende na kalamu, aandike kila anachoelezwa, na ataje amekisikia kwa nani, kama tulivyofundishwa katika elimu ya Hadithi.

3. Makaburi yafyekwe, yazungushiwe ua na yapimwe, na hati yake itunzwe na msikiti. Wala asipite mtu juu ya makaburi au kukaa juu yake.

4. Ziara ya makaburi ifanywe kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.): kuwasalimia, kuwaombea, kuikumbuka Akhera na kurudi. Hakuna kuomba kwao, hakuna ubani wala nadhiri.

Ama mzee wetu wa Tanga, tulimpeleka hadi kwenye ule mwembe na kumweleza ukweli wote bila ya kujitetea. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wanangu, mlikuwa mnamtafuta Mungu. Lakini babu yangu naye alikuwa akimtafuta." Akawasalimia watu wa makaburi wote, akawaombea wote, kwa kuwa hakujua ni yupi wake. Kabla hajaondoka alituandikia katika karatasi jina la babu yake na majina ya mababa zake wanne. Jina hilo ndilo la kwanza katika daftari letu.

Ewe Mola wetu, tughufirie sisi na ndugu zetu waliotutangulia katika imani, wala usijaalie katika nyoyo zetu chuki kwa walioamini.

Wabillahi Tawfiq.