Mtoto na Atumwe

Juma lililopita nilialikwa chakula cha mchana kwa rafiki yangu, na mwenyeji alipogundua ya kuwa ndimu zimekwisha, hali pilau imekwisha pakuliwa na kachumbari yangoja, alishika simu akamwita kijana wa bodaboda atoke kijiweni, apite dukani, alete ndimu 4, ilhali mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 11, ameketi kando yetu mikono mitupu, na duka lenyewe li mlango wa tatu kutoka pale. Nilipouliza kwa mzaha kwa nini hakutumwa bwana mdogo, baba alicheka, na mama ndiye aliyenijibu: "Huyu? Atasahau njiani, au atapunjwa chenji." Mtoto alisikia, akainamisha macho. Baadaye niliambiwa kwa fahari kwamba ni wa pili darasani kwa hesabu.

Katika Ngamiani ya Tanga nilikokulia, mtoto hakuhesabiwa kuwa ana akili mpaka awe ametumwa dukani akarudi na kile alichotumwa. Bibi yangu alikuwa akinifungia fedha katika pindo la kitambaa, akinikaririsha mara tatu, robo ya sukari, kibiriti, mafuta ya taa nusu chupa, kisha akitema mate mchangani mbele ya kizingiti na kunionya nirejee kabla hayajakauka. Kwa jua la Tanga la adhuhuri, mtu yeyote mwenye insafu angekiri kwamba muda huo haukutosha hata kufika pembeni mwa mtaa. Lakini mimi niliyasadiki mate yale kuliko saa ya ukutani, nikaenda mbio nikiimba sukari, kibiriti, mafuta, hadi nikutane na mtu mzima, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani, kwa sababu ilinipasa niukatize wimbo, niamkie shikamoo, ningoje marahaba, nijibu hali za nyumbani mmoja mmoja, kisha niuokote wimbo wangu pale nilipouangusha. Siku moja niliuokota vibaya, nikarudi na chumvi.

Siku nyingine mwenye duka, ambaye watoto wote tulimwita Ami, alikosea akanirudishia senti 50 zaidi, nami nikaja nazo nyumbani nikichekelea kama mtu aliyeokota lulu. Bibi alizihesabu, akazihesabu tena, hakugomba wala hakuhutubu, akanirudisha kwa miguu ile ile iliyochoka nikampe Ami amana yake. Ami alinipa kashata. Nimesikia mawaidha mengi juu ya uaminifu tangu siku hiyo, misikitini na mikutanoni, na aghalabu nimeyasahau. Ladha ya kashata ile sijaisahau.

Wazee wetu walilijua jambo hili hata walipotaka kusema maneno mazito. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipokuwa mgonjwa na kutaka kumwachia bintiye wasia katika utenzi wake wa mwaka 1858, hakuanza na wasia wenyewe. Alimwita kwanza aje aketi karibu, na aje na wino na karatasi. Binti alitumwa kabla hajanasihiwa.

Lakini kutuma nako kuna adabu yake, na katika hili wazazi wengi wa zamani, tuseme kweli, walitaksiri. Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume Muhammad (S.A.W.) tangu utotoni kwa muda wa miaka 10, alisimulia kwamba siku moja alitumwa shughuli, akatamka kwa ukaidi wa kitoto kuwa haendi, hali moyoni amekwisha azimu kwenda; akatoka, akawakuta watoto wanacheza sokoni, na mara akahisi ameshikwa kisogo, na alipogeuka akamwona Mtume anacheka, anamwuliza kwa jina la kudekeza kama amekwenda alikoamrishwa. Naye akajibu kwamba naam, anakwenda. Nani kati yetu, aliyekwisha kukaanga kitunguu na anangoja nyanya, angecheka? Sisi tulipigwa. Na mtoto anayepigwa kwa kuchelewa hujifunza kutunga uongo juu ya foleni dukani, na huo huwa ufundi wa maisha.

Kwa hiyo na atumwe kwa kadiri yake. Mtoto wa miaka 5 aweza kwenda kwa jirani wa ukuta mmoja kuazima mbuzi ya nazi. Wa miaka 7 au 8 aweza kwenda duka lisilovukiwa barabara. Usiku asitumwe, wala asitumwe sigara au pombe, vitu ambavyo Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yakataza kumwuzia mtoto. Hofu ya magari na ya watu waovu si hofu ya bure. Mzazi na asimame mlangoni amwangalie, na mwenye duka ajue kwamba yule ni mtoto wa nani. Na noti yenyewe apewe mkononi aione inavyogeuka kuwa sukari na sarafu, kwa maana fedha tunazolipa kwa simu mtoto hazioni zikienda wala zikirudi.

Liko jambo jingine ambalo wenyeji wangu hawakulitaja, na mimi sikuwa na ujasiri wa kulitaja mezani pao. Ndimu zilipofika, aliyekwenda kuzipokea getini, kuziosha na kuzikata alikuwa binti aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye kwa kukadiria hakumzidi bwana mdogo kwa zaidi ya miaka mitatu. Sheria ile ile imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, nami sikuuliza umri wake. Nasema hili tu: katika nyumba nyingi za mijini watoto wamegawanyika mafungu mawili, mmoja hutumwa mchana kutwa hata miguu ikawaka moto, na wenzake hawatumwi kabisa, nasi twadhani tumemdhulumu yule wa kwanza peke yake.

Wakati wa kuaga nilimwomba bwana mdogo aniletee gazeti, nikampa noti ya shilingi 5,000. Mama yake alinyanyuka, akaketi tena. Nilitamani kutema mate chini kama Bibi, ila ua wao umesakafiwa vigae, nami ni mgeni. Tulisimama mlangoni watu wazima watatu tukitazama lile duka kana kwamba kijana amevuka bahari, na kwa muda wa dakika kumi hivi hapakuwa na mazungumzo yenye maana. Akatokea, gazeti kwapani, ngumi imefumbwa, jasho lamtiririka, akatusomea hesabu kwa sauti kubwa, noti kwa noti, sarafu kwa sarafu, hadi ya mwisho. Mama yake akazipokea, akahesabu tena.