Kioo Hakijafa

"Ssebo, hiki kioo kimekufa." Fundi alitoa hukumu hiyo huku gumba lake likiwa limebana ukingo wa chini wa televisheni yangu. Tulikuwa kibandani kwake Banda, chini ya kilima cha Kyambogo, malori ya barabara ya Jinja yakitutikisa kila dakika. Kabla hajabana, nusu ya skrini ilikuwa giza na nusu ya pili ilijaa michirizi ya wima, kijani na waridi. Alipobana, picha ilirudi nzima, rangi zote mahali pake. Alipoinua kidole, giza likarudi. Alibana na kuachia mara tatu ili nione kwamba hanidanganyi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria gumba lile. Kitu kilichokufa hakiamki kwa kubanwa. Kioo kilikuwa kizima, taa za nyuma nzima, bodi nzima. Kilichoachia ni kiungo kimoja chenye upana wa vidole viwili, na fundi mwenyewe alilijua hilo. Aliposema kimekufa alikuwa na maana kwamba hana chombo cha kukitibu, wala hamjui jirani aliye nacho. Swali ninalotaka kulipima hapa ni kubwa kuliko televisheni yangu: chombo hicho kiwe mali ya nani? Naona kingewekwa juu ya kilima kilekile, katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, kwa fedha za umma, na mlango wake ukaachwa wazi kwa mafundi wa bondeni. Wapo watakaopinga, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Kwanza tukitazame kiungo chenyewe, maana ubishi wote umo humo. Televisheni ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana wake, na kila nukta ina sehemu tatu, nyekundu, kijani na buluu. Hiyo ni mistari 5,760 ya wima, na kila mmoja lazima ufikiwe na umeme wake. Umeme huo hupitia vipande vya plastiki laini vya rangi ya kahawia vilivyobeba chipu mgongoni. Mafundi huviita fleksi. Katika muundo mmoja uliozoeleka fleksi ni sita, kila moja ikihudumia mistari 960 kwenye upana wa sentimita nne au tano hivi. Ina maana kwamba ndani ya milimita moja hupita njia zipatazo ishirini. Unywele wa kawaida ni mnene kuliko umbali kutoka njia moja hadi nyingine. Ncha ya solda, iwe nyembamba kiasi gani, ingeziunganisha njia kadhaa kwa mguso mmoja na kuharibu kila kitu.

Kwa hiyo kiwandani hawatumii solda. Hutumia gundi ya ajabu inayokuja kama utepe, ambayo ndani yake zimetapakaa chembe za mviringo za plastiki zilizopakwa nikeli na dhahabu, kila moja ikiwa na unene wa maikromita tatu hadi tano. Utepe hulazwa kwenye ukingo wa kioo, fleksi huwekwa juu yake, kisha kichwa cha moto wa nyuzi zipatazo 180 huibana kwa sekunde chache. Chembe zilizonaswa kati ya mguu wa fleksi na njia ya kioo husagika na kupitisha umeme kutoka juu kwenda chini. Zile zilizobaki katika nafasi za kando hazigusani, kwa hiyo umeme hauvuki kwenda njia ya jirani. Gundi inayopitisha umeme wima na kuuzuia ulalo! Nilipoelewa hilo kwa mara ya kwanza niliiheshimu televisheni yangu upya.

Gundi hiyo haipendi unyevu. Kampala iko kando ya ziwa, na majumbani mwetu tunafuta skrini kwa kitambaa kilicholowa, tena tunapuliza dawa ya mbu mbele yake. Maji hutiririka hadi ukingo wa chini, ambako televisheni nyingi za siku hizi zimewekewa fleksi, na huko hukaa. Ongeza joto la kuwasha na kuzima kila siku kwa miaka kadhaa. Gundi huachia upande mmoja, mistari mia moja hukosa umeme, na mtu huambiwa kioo kimekufa.

Hapo mafundi wetu wameonyesha ubunifu mkubwa. Wengine hukata kipande cha kifutio cha mwanafunzi na kukibana kati ya fleksi na fremu ili kifanye kazi ya gumba. Wengine hupuliza hewa ya moto. Wengine huziba kwa plasta ya karatasi njia moja au mbili za amri zinazoleta vurugu, picha ikatulia. Sizidharau mbinu hizi, zimerudisha habari za saa mbili usiku kwenye sebule nyingi. Lakini kifutio hulainika kwa joto, na baada ya wiki au mwezi mteja anarudi, safari hii akiwa amekunja uso. Tiba kamili ni kuibandua fleksi ya zamani, kusafisha mabaki ya gundi kwa kiyeyushi, kulaza utepe mpya, kulinganisha miguu chini ya kamera inayokuza, na kubana kwa moto uliopimwa. Ukipotoka kwa nusu ya unywele, mguu mmoja unakalia njia mbili. Mkono mtupu hauwezi kazi hiyo. Panahitajika mashine ya kubandika, na mashine hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola.

Mpinzani wa kwanza ataniambia soko litajisimamia. Kama kuna faida, mfanyabiashara ataleta mashine bila msaada wa serikali. Ni kweli kwamba mashine kama hizi zimeingia mijini mwetu kwa juhudi za watu binafsi, na sina neno baya juu yao. Ila kuna jambo moja ambalo hoja ya soko hulipita kwa haraka, nalo ni ile gundi. Huuzwa kwa rola, na rola ya kawaida ina urefu wa mita 50. Fleksi moja hula sentimita nne au tano. Rola moja basi inatosha fleksi elfu moja. Na gundi hiyo hutakiwa kuhifadhiwa kwenye ubaridi, na hata humo hudumu miezi michache kabla ya kupoteza nguvu. Fundi mmoja wa Banda atapata wapi televisheni za kumaliza fleksi elfu moja kabla rola haijachacha? Na umeme ukikatika siku mbili, friji yake ikayeyuka? Atalazimika kutumia gundi iliyopitwa na wakati, kazi itaachia, na sifa mbaya itakuwa yake. Mafundi hamsini wakitumia rola moja, hesabu inakaa sawa. Hiki ni kitu ambacho kwa asili yake kinataka kushirikiwa, kama kisima au josho la ng'ombe.

Kwa nini Kyambogo na si kwingine? Chuo hicho kilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu zilizokuwa kilimani, na mojawapo ilikuwa Uganda Polytechnic Kyambogo, iliyokuwa ikiwafundisha mafundi sanifu kwa vizazi. Kaulimbiu ya chuo yasema maarifa na stadi kwa ajili ya huduma. Kina idara ya uhandisi wa umeme na elektroniki, kina wanafunzi wanaohitaji kazi halisi za kujifunzia, na chini yake pana Banda, Kinawataka na Nakawa, ambako vibanda vya mafundi vinapakana. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala nacho kiko hapohapo Kyambogo, na ndicho kilicholeta mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020, unaosisitiza umahiri wa kutenda. Kutoka lango la chuo hadi kibanda cha fundi wangu ni mwendo wa boda boda wa dakika chache. Ni aibu umbali huo mfupi kuwa mrefu hivyo.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya mpinzani wa pili, anayesema: tumeona vifaa vya umma. Mashine inafika kwa sherehe, inakatiwa utepe, inafungiwa chumbani, na ufunguo unabaki kwa mkuu wa maabara aliye safarini. Siwezi kumjibu kwamba hilo halitatokea. Ninachosema ni kwamba mashine hii ikiwekwa kama kifaa cha maabara, itakufa kifo hichohicho. Iwekwe kama karakana ya kulipia. Fundi aje na kioo chake, alipe ada kwa kila fleksi, afanye kazi mwenyewe chini ya uangalizi au afanyiwe na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na ada hiyo inunue rola inayofuata. Mafundi wawe na viti kwenye kamati inayopanga saa za kufungua. Mtu anayepoteza mteja kwa sababu mlango umefungwa ndiye atakayepiga kelele ufunguliwe.

Ipo pia hoja ya wakati. Bei za televisheni mpya zinashuka, na baadhi ya vioo vipya vimejengewa saketi za kuendesha mistari ya ulalo ndani ya kioo chenyewe, mahali ambapo hakuna fleksi ya kubadilisha. Hilo ni kweli, na fundi mwaminifu atamwambia mteja mapema: hiki kinatibika, hiki hakitibiki. Vilevile njia za kioo zikishaliwa na kutu, gundi mpya haina pa kushika. Lakini fleksi za mistari ya wima bado zipo kwenye televisheni tunazozinunua, na kioo kipya kikipatikana bei yake hukaribia bei ya televisheni nzima. Kwa familia iliyodunduliza mwaka mzima, kushuka kwa bei dukani hakuondoi hasara ya ile iliyokwisha kununuliwa.

Serikali nayo ina deni katika jambo hili. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2009/10 ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa televisheni, kompyuta na majokofu yaliyotumika, nchi isigeuzwe jalala. Mwaka 2012 ikaja sera ya taka za kielektroniki. Niliunga mkono marufuku ile na bado naiunga. Lakini ukimzuia mtu kununua cha zamani, umemfungia kwenye kipya, na kama kipya hakitengenezeki umeisogeza taka mbele kwa miaka michache tu. Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki ya mwaka 2024 ilihesabu kilo bilioni 62 zilizozalishwa mwaka 2022, na hata robo yake haikufika kwenye ukusanyaji na urejelezaji uliorekodiwa. Kwa Afrika kiasi hicho hakifikii asilimia moja.

Na katika taka hizo ndimo vipuri vilimo. Watengenezaji hawamuuzii fundi wa Banda fleksi. Hata Umoja wa Ulaya, ambao tangu Machi 2021 unawalazimisha watengenezaji wa televisheni kuwapatia mafundi wa kitaalamu baadhi ya vipuri kwa miaka isiyopungua 7, uliandika kwenye orodha yake mambo kama kapasita, betri na soketi. Kioo na fleksi zake havimo. Fleksi nzima hupatikana wapi basi? Kwenye televisheni ambayo mtoto ameipiga mpira. Kioo chake kimepasuka katikati, lakini fleksi zake zote ni nzima. Na upande wa pili wa mji ipo yangu, yenye kioo kizima na fleksi moja mbovu. Kila fleksi ina namba yake iliyochapwa mgongoni. Kinachokosekana ni rafu, daftari la namba hizo, na mtu wa kuzipanga kabla mkusanya vyuma hajazisaga zote pamoja. Kazi ya kupanga daftari hilo ingewafaa wanafunzi kuliko nyingi za tasnifu wanazoandika zikaishia kabatini.

Jambo la mwisho ni cheti. Kwa miaka mingi Uganda imekuwa na utaratibu uitwao Worker's PAS wa kumpima mtu aliyejifunzia kazi mtaani na kuutambua ujuzi wake kwa vitendo. Ubandikaji wa fleksi ungeingia humo kwa urahisi, kwa sababu matokeo yake hayabishiwi: unawasha televisheni, mistari 5,760 ama ipo au haipo. Fundi wangu hakumaliza sekondari, lakini mkono wake hautetemeki na jicho lake liliona mara moja mahali pa kubana. Nilipomuuliza kama angepanda kilimani kujifunza mashine kama ingekuwapo, aliuliza swali moja tu: "Wataniruhusu kupita getini?"

Televisheni yangu imeegemea ukuta wa chumba cha nyuma, imefunikwa shuka. Mnunuzi wa chakavu amekwisha kuiulizia mara mbili. Mara zote mbili nimemwambia kwamba ni nzima.