Kifaa Kisipolia Ndipo Somo Linapoanza

Fundi wa ilimba katika Ugogo hutoboa tundu kwenye kisanduku cha ala yake, kisha akaliziba kwa utando wa buibui. Vyuma vinapopigwa, utando nao hutetema na kuitia sauti mvumo kama wa nyuki. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha mvumo huo hadi Ulaya. Kijana wa Zuzu anayejiundia kifaa cha kukwaruza sauti ya gitaa la umeme, kile kinachokanyagwa kwa mguu, anatafuta jambo lilo hilo kwa njia ya transista: mawimbi ya umeme hukuzwa kupita kiasi mpaka vilele vyake vikatike, na sauti ikawa kali.

Sikusudii kufundisha uundaji wa kifaa hicho. Nataka kuizungumzia ile saa ambapo mwanafunzi amemaliza kulehemu, ametia betri ya volti 9, amekanyaga swichi, na kimya kimetanda. Aghalabu hapo ndipo kazi inapotupwa kabatini na mwanafunzi kuandikiwa sifuri. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fizikia inapoanza.

Mimi mwenyewe, katika kifaa changu cha kwanza, nilibadilisha transista tatu moja baada ya nyingine, nikizilaumu zote. Rafiki yangu akaniomba multimita. Kolekta ilikuwa na volti 9 kamili, na besi ilikuwa na sifuri. Transista ya silikoni haipitishi mkondo mpaka baina ya besi na emita pawepo volti 0.6 hivi, na katika sakiti ya namna ile, kolekta ilipaswa kuwa karibu na nusu ya betri, yaani volti 4.5. Basi transista haikuwa na hatia. Rezista iliyopaswa kuipelekea besi umeme ilikuwa imekaa juu ya lehemu bila kushikana nayo. Vipimo viwili vilisema yale ambayo transista tatu hazikusema. (Nazo zilinigharimu nauli ya kwenda mjini.)

Asiye na multimita hakukosa njia. Na achukue waya, auunge na kapasita ya mikrofaradi 0.1, na upande wa pili autie katika kikuza sauti. Huku mwenzake akipiga gitaa, aguse sakiti hatua kwa hatua tangu sauti inapoingia. Mahali inapopotea, kosa liko baina ya hapo na mguso uliotangulia. Na sauti ikisikika yenye dosari, dosari nayo ina lugha yake. Kitufe kinachokwaruza kikizungushwa kimeingia vumbi, nalo vumbi la kiangazi hapa Zuzu halina haya. Mvumo mzito usiobadilika ni umeme wa gridi, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, unaoingia kwa sababu waya wa ardhi umeachia au sanduku si la chuma. Wenye kituo kikubwa cha kupozea umeme kijijini mwao wasingepaswa kuusoma mzunguko huo vitabuni tu.

Isitoshe, sauti yenyewe tunayoitafuta ilizaliwa na kosa. Huko Nashville, Marekani, chombo cha studio kiliharibika wakati wa kurekodi, gitaa likatoka na sauti ya kukwaruza, na wimbo ule ukatolewa hivyo hivyo mwaka 1961. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuishia kustaajabu. Alichunguza kilichotokea, na mwaka 1962 kifaa kiitwacho Maestro Fuzz-Tone kikaingia sokoni.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa fizikia wabadili jambo moja katika kusahihisha kazi za mikono. Mwanafunzi alete kifaa pamoja na daftari lenye safu tatu: alichokipima, alichokitarajia, alichokiona. Kifaa kilicho kimya chenye daftari kamili kipewe alama nyingi kuliko kinacholia ambacho mwenyewe hawezi kukieleza. Hata kabla ya hapo, mwalimu aweza kukata kwa siri waya mmoja katika kifaa kizima, akakiweka mezani, na kuwapa wanafunzi dakika 40 wautafute.