Matairi Yanakwisha Kabla ya Siku Zake

Nyuma ya gereji ya kambi au ya kituo cha polisi hapakosi rundo la matairi makuukuu. Twawaomba askari wetu wa Uganda waende wakalitazame rundo hilo kwa makini. Watakuta humo matairi ambayo upande mmoja umelika hata nyuzi zaonekana, na upande wa pili meno yake ni mazima, kana kwamba yalinunuliwa jana. Tairi la namna hiyo halikuzeeka. Limeuawa, na mara nyingi aliyeliua ni gurudumu lililopinda ambalo hakuna aliyejishughulisha kulinyoosha.

Magurudumu ya mbele yapasa kwenda sambamba, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Moja likielekea pembeni, halibingiriki tu bali pia husuguliwa ubavu. Gurudumu lililopinda kwa nusu digrii, kosa ambalo jicho haliwezi kuliona, huburuta tairi lake ubavu karibu mita 9 katika kila kilomita. Gari litokalo Kampala hadi Gulu, safari ya zaidi ya kilomita 300, huwa limekwisha kuliburuta tairi hilo kilomita mbili na nusu juu ya lami kavu. Ni mpira gani utakaostahimili mateso hayo?

Madereva husema kwamba barabara ndizo zenye makosa. Ni kweli kwa sehemu. Picha za mashimo ya Kampala ambazo wananchi walizieneza mwezi wa Aprili 2023 zilionekana na kila mtu, na changarawe ya Karamoja haina huruma. Lakini shimo hupindisha gurudumu mara moja tu. Linalobaki hivyo miezi sita limeachwa na watu. Vilevile fundi akibadilisha tairodi au boli joiti kisha akalirudisha gari kazini bila ya kupima, amelikabidhi pamoja na ugonjwa mpya.

Dalili zake hazihitaji mashine. Dereva apitishe kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa mkono wateleza vizuri upande mmoja na wakwaruzwa upande mwingine kama juu ya msumeno, magurudumu hayaendi sambamba. Tairi lililolika ukingo mmoja tu huonyesha aghalabu kwamba gurudumu limeinama. Hata hivyo tusilaumu magurudumu kwa kila kitu: kingo zote mbili zikilika, upepo ulikuwa haba, ikilika katikati, upepo ulizidi.

Iko desturi moja tusiyoipenda hata kidogo. Tairi la mbele likianza kulika, huhamishiwa nyuma na la nyuma huletwa mbele, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Kuhamisha matairi ni jambo jema gari likiwa zima. Gari likiwa limepinda, ni kuyaambukiza matairi manne maradhi ya mawili.

Na kupima kwenyewe si kazi ya gereji kubwa za mjini pekee. Fundi aliye mbali aweza kuinua magurudumu ya mbele, akayazungusha na kuchora mstari mwembamba katikati ya kila tairi, akalishusha gari na kulisukuma kidogo, kisha akapima nafasi baina ya mistari hiyo miwili, mbele na nyuma, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu. Tofauti ya vipimo hivyo humwambia akaze au alegeze tairodi kiasi gani.

Zamani Afrika ya Mashariki ilijitengenezea matairi. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama mwaka 2009, na kile cha Nairobi kikaacha kuyatengeneza mwaka 2016. Leo mengi huja kwa meli na hulipiwa fedha za kigeni, nazo ni fedha za mwananchi yule yule ambaye askari wa trafiki humsimamisha na kumshtaki kwa tairi kipara. Mwananchi huyo ana macho. Akiwa anaandikiwa kosa, hulitazama gari la polisi lililoegeshwa kando, akayaona matairi yake.

La kutisha zaidi ni wale askari wanaopandishwa nyuma ya pikapu, wameketi bila ya mkanda, silaha mapajani, gari likikimbia. Ukingo wa tairi uliobaki nyuzi ukipasuka katika mwendo huo, dereva hana la kufanya.

Kwa hiyo twawataka makamanda na maofisa wa usafiri waamuru kwamba stoo isitoe tairi jipya mpaka lile la zamani liletwe na kukaguliwa, na fundi aandike katika daftari la gari limelika upande gani, kwa sababu gani, na magurudumu yalipimwa siku gani. Na daftari hilo lisomwe.